Wanyama saba ndani ya moyo: alama katika sanamu za dini zilizochapwa

Makatekista wengi wa zamani wanaijua ile sanamu ya moyo mkubwa, wenye kichwa cha mtu juu yake na wanyama saba ndani yake. Shetani amekaa katikati kama mwenye nyumba, na kumzunguka wako tausi, mbuzi dume, nguruwe, kobe, chui, nyoka na chura. Hizo ndizo dhambi saba zilizo mizizi: kiburi, uasherati, ulafi, uvivu, hasira, wivu na ubahili. Katika sanamu inayofuata nuru inaingia, nao wanyama wanatoka mmoja mmoja. Wengine waliiona katika karatasi kubwa ya kutundika ukutani, wengine katika kijitabu kidogo kinachopita toka mkono hata mkono.

Tumesikia wasomi wetu kadhaa wakisema kwa uchungu kwamba sanamu hiyo ilitungwa na Wazungu kwa ajili ya watu weusi, kana kwamba sisi tu ndio tuliohesabiwa kuwa na wanyama moyoni. Uchungu huo tunaufahamu, lakini historia haikubali neno hilo. Sanamu ya wanyama saba ilitungwa kwa ajili ya Wazungu wenyewe, yaani wavuvi na wakulima wa Ufaransa wasiojua kusoma. Na mizizi yake ya mbali zaidi iko Antwerp, katika Ubelgiji, kwa mafundi wa kuchora katika shaba. Njia iliyopitwa na karatasi hiyo yafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwani inatuletea swali ambalo padri na katekista hawawezi kulikwepa: je, alama iliyozaliwa katika nchi moja yaweza kusema ukweli ule ule ikifika katika nchi nyingine?

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Fundi huchukua bamba la shaba lililosuguliwa mpaka likang'aa kama kioo. Kwa chuma chembamba chenye ncha kali hukata mistari ndani ya bamba, na kila kitu hukichora kinyume, mkono wa kuume ukiwa wa kushoto. Halafu hupaka wino bamba lote, hulifuta, na wino unabaki ndani ya mistari tu. Karatasi iliyoloweshwa kidogo inawekwa juu, vyote viwili vinapitishwa katikati ya magogo mawili ya mashine yenye kukaza sana, na karatasi inaunyonya wino. Bamba moja laweza kutoa karatasi mamia na mamia kabla mistari haijachakaa. Kwa hiyo sanamu iliyochorwa mara moja iliweza kuuzwa kwa bei ndogo sokoni, kutiwa ndani ya kitabu cha sala, kuvuka bahari katika sanduku la mmisionari. Mchoro wa rangi ukutani hukaa pale ulipo, lakini karatasi hii husafiri.

Kwa kuwa tumetaja shaba, wasomaji wa Katanga watatukumbusha ile misalaba midogo ya shaba iliyoyeyushwa na wazee wao karne nyingi kabla ya kuja misioni, ambayo imeonekana katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba. Ilitumika kama mali na feza, na umbo lake halitoki kwa Wakristo hata kidogo. Tunaitaja makusudi. Ni umbo lile lile, na ni shaba ile ile, lakini maana ni nyingine kabisa. Umbo peke yake halisemi kitu. Lazima liwe na neno la kulieleza.

Sasa twende Antwerp. Mwaka 1563, mwezi wa Desemba, Konsili ya Trento katika kikao chake cha mwisho ilifundisha kwamba sanamu za Kristu, za Bikira Maria na za watakatifu zistahili kuwekwa na kuheshimiwa, kwa sababu heshima hiyo yamfikia yule anayeonyeshwa; tena maaskofu wafundishe watu kwa njia yake. Mafundisho hayo hayakuwa mapya. Karibu na mwaka 600 Papa Gregori Mkubwa alikuwa amemwandikia Serenus, askofu wa Marseille, aliyevunja sanamu katika kanisa lake, akamwonya kwamba wasiojua herufi husoma ukutani yale wasiyoweza kusoma kitabuni. Lakini miaka mitatu tu baada ya Trento, yaani 1566, vikundi vya watu viliingia katika makanisa ya Antwerp na ya miji mingine ya huko wakavunja sanamu, altare na vioo. Mwaka 1570 mwalimu mmoja wa Louvain, Molanus, alitoa kitabu chake juu ya sanamu takatifu, akieleza zipi zafaa na zipi zina makosa. Na Antwerp iliporudi mikononi mwa mfalme Mkatoliki wa Uspania mwaka 1585, makanisa yalikuwa matupu, na watu walikuwa na njaa ya sanamu. Kuchora ukuta mzima kwahitaji miaka na feza nyingi, lakini bamba la shaba lilitosha kazi ya majuma machache. Ndipo mafundi wa shaba walipopata kazi pasipo kipimo.

Kati yao walisifiwa kuliko wengi ndugu watatu wa jamaa ya Wierix: Jan, Hieronymus na Antoon. Walichora watakatifu, mafumbo ya Rozari, mateso ya Bwana, yote kwa mistari myembamba kama nywele. Wangekuwa watu wa sala, tungefurahi kuandika hivyo; lakini sivyo ilivyokuwa. Mchapaji mkubwa Christophe Plantin alimlalamikia Mjezuita mmoja kwa barua kwamba anayetaka kazi yao ni lazima awatafute katika nyumba za pombe, awalipie madeni, na akomboe vyombo vyao vya kazi walivyoweka rehani. Hieronymus alipata hata kufungwa kwa sababu ya kuua mwanamke katika ugomvi. Haya tunayaandika si kwa kuwacheka. Mwanateolojia anajua kwamba sakramenti haipotewi na nguvu kwa ubaya wa mtu anayeitoa. Sanamu si sakramenti, hilo ni wazi, lakini hapa pia tunaona zawadi njema ikipita katika mikono michafu na kufika kwetu nzima.

Antoon, aliyekufa 1604, ndiye aliyechora kazi inayotuhusu hasa. Ni mfuatano wa karatasi 18 zenye jina la Kilatini Cor Iesu amanti sacrum, yaani moyo uliowekwa wakfu kwa Yezu mpenzi. Kila karatasi haipiti ukubwa wa kiganja, na chini yake kuna mistari michache ya mashairi ya Kilatini. Katika karibu zote twaona kitu kimoja: moyo wa mtu, mkubwa kama nyumba, na Mtoto Yezu akifanya kazi humo. Kwanza dunia, mwili na shetani wanautaka moyo huo. Yezu anakuja mlangoni, anabisha na kusikiliza, kama ilivyoandikwa katika Ufunuo, sura ya 3. Anaingia na taa mkononi, na nuru yake inafunua nyoka na vyura waliojificha katika pembe. Anashika ufagio na kuwafagia nje. Anausafisha moyo kwa damu yake. Halafu anaketi kama mfalme. Anafungua kitabu na kufundisha. Anashika burashi na kuchora katika kuta za moyo mambo manne ya mwisho, kifo, hukumu, mbingu na moto. Anapiga kinubi na malaika wanaimba. Mahali pengine amelala usingizi ndani ya moyo, na pepo kali zinavuma nje bure. Mwishoni moyo unavishwa taji.

Ndugu wasemineri watambue hapa mpango wa maisha ya roho kama walivyofundishwa darasani: njia ya kusafishwa, njia ya kuangazwa, njia ya kuunganika na Mungu. Antoon Wierix, mtu wa pombe, aliweka mafundisho yale magumu katika kazi za mama wa nyumbani: kubisha, kuwasha taa, kufagia, kuosha. Kwa maoni yetu hakuna fundi aliyefanya vizuri zaidi, na nguvu ya alama zake ni kwamba hazihitaji kuvuka mpaka wo wote. Hakuna kijiji, Flandria wala Maniema, ambamo ufagio haueleweki.

Tuonye hapa kosa moja ambalo twalisikia hata katika mahubiri. Moyo huu wa Wierix si Moyo Mtakatifu wa Yezu. Ni moyo wetu, naye Yezu ni mgeni anayeingia. Sanamu ya Moyo wa Yezu mwenyewe, wenye miali ya moto na taji ya miiba, ilienea baada ya Mtakatifu Margarita Maria kuonyeshwa mapendo ya Bwana huko Paray-le-Monial kati ya 1673 na 1675. Mwaka 1685 wanovisi wake waliuheshimu Moyo huo kwa mara ya kwanza mbele ya karatasi ndogo iliyochorwa kwa kalamu na wino tu. Hizo ni ibada mbili zenye sanamu zinazofanana: ya kwanza inauliza nani anakaa kwako, ya pili inajibu wewe unapendwa na nani. Anayezichanganya huharibu zote mbili.

Toka Antwerp mioyo hiyo ilichapwa tena Paris, pamoja na vitabu vya kutafakari vilivyoandikwa na Wajezuita. Lakini kwa wanyama saba yatupasa kwenda Brittany, ncha ya magharibi ya Ufaransa, nchi ya wavuvi wanaosema lugha yao wenyewe. Huko padri Michel Le Nobletz, aliyezaliwa 1577, aliona kwamba mahubiri yanapita juu ya vichwa vya watu. Akaagiza zichorwe sanamu kubwa za rangi juu ya ngozi za kondoo, na zaidi ya kumi zimehifadhiwa mpaka leo katika uaskofu wa Quimper. Kwa kuwa watu wake walikuwa wa bahari, nyingi zafanana na ramani za mabaharia: merikebu, visiwa, miamba, bandari ya wokovu. Nyingine ni mioyo. Mwalimu alisimama na fimbo ndefu, akagusa alama moja baada ya nyingine na kueleza, nao watu wakajibu.

Na mwalimu huyo ni nani? Mara nyingi alikuwa mwanamke. Le Nobletz aliwafundisha wajane na mabinti, kati yao Claude Le Bellec wa Douarnenez, na kuwapa sanamu zake wakazifafanue mbele ya watu, hata mbele ya wanaume. Mapadri wenzake walikasirika. Mtume Paulo alitajwa, sheria zikatajwa, na padri akajitetea kwa maandiko. Mwaka 1639 aliondoshwa Douarnenez, akaenda kukaa Le Conquet, na huko alikufa mwaka 1652. Hapa tutasema wazi tunavyofikiri. Katika parokia zetu ni mama wangapi wanaoshika katekisimu ya watoto, jumuiya ndogo na sala za wagonjwa, na kila mara wanaulizwa wamepewa ruhusa na nani? Ugomvi wa Douarnenez haujamalizika. Eklezia ilimwenzi mfuasi wa Le Nobletz, yaani Mjezuita Julien Maunoir aliyezunguka Brittany na sanamu hizo hizo, kwa kumtangaza mwenye heri mwaka 1951. Claude Le Bellec hakutangazwa po pote, ingawa fimbo ilikuwa mkononi mwake.

Mjezuita mwingine wa nchi hiyo, Vincent Huby, aliyekufa 1693, alitumia mioyo hiyo katika nyumba ya mafungo ya Vannes, akaifanya ichorwe katika shaba na kuchapwa. Hapo ndipo sanamu inapopata sura tunayoijua: kichwa cha mtu juu, ambacho uso wake unabadilika kadiri ya hali ya roho, na chini moyo wenye wanyama saba. Karatasi zake zikaingia Udachi. Mwaka 1812 padri Johannes Gossner wa Bavaria alizitengeneza upya katika kijitabu chenye sanamu kumi. Mwaka 1826 Gossner alihamia kwa Waprotestanti, na kijitabu kikahama pamoja naye. Wamisionari wao wakakipeleka katika lugha nyingi za dunia, na katika karne ya 20 kilichapwa Afrika ya Kusini kwa lugha nyingi za bara letu, nyuso zikiwa zimebadilishwa kuwa za Kiafrika. Ndiyo maana Mkatoliki na Mprotestanti wa Kongo wameweza kubishana juu ya mambo mengi huku ukutani kwao kuna moyo ule ule. Nyuso zilibadilishwa, lakini wanyama hawakubadilishwa. Na hapo ndipo penye shida.

Kwani mnyama si kama ufagio. Maana yake haitoki katika kazi yake inayoonekana, bali katika hadithi zinazosimuliwa juu yake. Tumtazame tausi. Katika makaburi ya Wakristo wa kwanza chini ya ardhi ya Roma tausi amechorwa mara nyingi, wala si alama ya kiburi: ni alama ya uzima wa milele, kwani watu wa kale waliamini kwamba nyama yake haiozi. Mtakatifu Agostino, Mwafrika, asimulia katika Mji wa Mungu jinsi alivyopewa tausi wa kupikwa huko Kartago, akaamuru kipande kiwekwe, na baada ya siku nyingi, hata baada ya mwaka, hakikunuka. Baadaye watu wa Ulaya walitazama mkia wake badala ya nyama yake, na ndege wa ufufuko akawa ndege wa kiburi. Simba vilevile: katika Ufunuo ni Kristu wa kabila la Yuda, katika waraka wa Petro ni shetani anayetafuta wa kummeza. Nyoka alimdanganya Eva. Lakini nyoka wa shaba aliinuliwa jangwani, na Bwana mwenyewe alijifananisha naye alipoongea na Nikodemo. Agostino huyo huyo, katika kitabu cha tatu cha Mafundisho ya Kikristo, aliweka kanuni: kitu kimoja chaweza kuwa alama ya jambo jema mahali pamoja na ya jambo baya mahali pengine, na msomaji atambue kwa kutazama maneno yanayokizunguka. Kanuni hiyo ni ya Mwafrika, nasi tumeichelewa kuitumia Afrika.

Tausi wa Brittany akifika kwetu anamkuta nani? Wakatekumeni wengi hawakupata kumwona akifungua mkia. Kumbe Kongo ina tausi wake, wa pekee katika Afrika yote, anayeishi katika msitu mkubwa. Mtaalamu James Chapin aliona unyoya wake katika kofia ya mtu mwaka 1913, asijue ni wa ndege gani. Mwaka 1936 alikuta ndege wawili waliokaushwa katika museo ya Tervuren, wameandikiwa kwamba ni tausi wa India. Ndege huyo wetu hana mkia mrefu. Kwa kiburi hafai hata kidogo.

Habari ya kobe ni nzito zaidi. Mtu wa Brittany alimwona kobe akitembea polepole, akasema: huyu ni uvivu. Lakini ulizeni watoto wa vijiji vyetu nani hushinda katika hadithi za mashindano. Kobe ni mwenye akili na subira. Mwenye mbio hupotea, kobe hufika. Kwa Waluba jambo hili lagusa mambo makubwa. Chama cha Mbudye, kilichotunza kumbukumbu za ufalme, kilikuwa na lukasa, kibao cha mti kilichopigiliwa shanga na kuchongwa alama. Mwenye kufundishwa alipitisha kidole toka shanga hata shanga, akasimulia wafalme, safari zao, mahali patakatifu. Sura ya kibao hicho yakumbusha kobe, kwa heshima ya Lolo Inang'ombe, mama anayesimuliwa kuwa mwanzilishi wa chama, nusu mwanamke nusu kobe. Basi mwalimu asimame mbele ya wazee wa Kiluba, aguse kwa fimbo kobe ndani ya moyo mchafu, aseme: huyu ni mwenzake Shetani. Wazee watasikia nini? Hawatasikia kwamba uvivu ni dhambi, jambo wanalolijua tangu zamani. Watasikia kwamba kumbukumbu ya babu zao ni takataka ya kufagiliwa nje. Na fimbo inayogusa alama ili kusimulia, kazi ile ile ya kidole juu ya lukasa, itakuwa imemdharau ndugu yake.

Na chui? Katika nchi zetu nyingi ngozi ya chui ni ya mfalme na ya mwami. Hakuna aliyeweza kuikalia asiyestahili. Huko Ulaya aliwekwa kwa hasira tu. Mtu angeweza kutetea kwamba hasira ya wakubwa ndiyo inayoumiza nchi kuliko hasira ya wadogo, na kwa hiyo chui akae pale pale. Sisi hatungembishia, lakini lazima aeleze hivyo kwa maneno.

Yabaki jambo linaloumiza zaidi, yaani shetani mweusi. Tusijifiche: desturi hiyo ni ya kale. Katika Maisha ya Mtakatifu Antoni yaliyoandikwa na Atanasi wa Aleksandria, shetani amtokea mtawa kama mtoto mweusi, na vitabu vya watawa vya baadaye vilirudia. Karatasi za rangi za karne ya 19, kama zile za katekisimu kubwa ya sanamu iliyochapwa Paris na Bonne Presse, zilionyesha mashetani wenye ngozi ya giza kando ya malaika weupe, nazo zilitundikwa mbele ya watoto wetu. Madhara yake hatuwezi kuyapima. Mtoto aliyejifunza mapema mno kwamba mtu wa rangi yake yuko upande wa moto hakufundishwa Injili siku ile.

Lakini mafundi wa shaba watusaidia hapa kuliko tulivyotazamia. Wao walikuwa na wino mweusi na karatasi nyeupe tu. Rangi haikuweza kuwasaidia kumwonyesha shetani. Martin Schongauer wa Colmar, aliyekufa 1491, alichora Mtakatifu Antoni akiteswa angani na mashetani. Mashetani hao wana magamba ya samaki, midomo ya ndege, kucha, mabawa, miiba. Hakuna hata mmoja aliye mtu. Inasimuliwa kwamba Michelangelo alipokuwa kijana aliinakili karatasi hiyo kwa rangi, akaenda sokoni kutazama samaki ili apate magamba yao sawasawa. Na fundi huyo huyo Schongauer alichora Mamajusi wakimsujudia Mtoto. Kati ya wafalme watatu, mmoja ni Mwafrika kijana, amevaa vizuri, ameshika zawadi yake. Ili kuonyesha weusi wake fundi alikata mistari karibu karibu juu ya uso, kazi ya subira nyingi, kwani kosa moja la chuma haliwezi kufutwa. Basi katika mikono ya mtu mmoja, na kwa wino mmoja, mtu mweusi ni mfalme anayekaribia Mtoto Yezu, na shetani ni mnyama asiye na kabila. Sanamu kama hiyo ndiyo tungetaka kuona katika kila seminari, mahali ambapo karatasi za Paris zilikuwa zikitundikwa.

Tufanye nini, basi, na mioyo ya zamani inayobaki katika makabati ya misioni? Padri mmoja kijana alitushauri zichomwe. Hatukubali. Anayechoma karatasi hafundishi mtu. Serenus wa Marseille alikwisha kujaribu. Zihifadhiwe, na wasemineri wajifunze kuzisoma pamoja na historia yake. Lakini kwa kuwafundisha wakatekumeni, katekista aache wanyama wa Vannes arudi kwa Wierix: mlango, taa, ufagio, maji, kitabu. Akitaka wanyama, asiwachague peke yake mezani. Awaulize wazee na mama wa mahali: kwenu ni mnyama gani anayeiba cha mwenzake? Ni yupi anayekula asishibe? Majibu ya Bushi hayatakuwa ya Katanga, na haidhuru. Ahadhari tu asichukue mnyama ambaye ni mwiko au ishara ya ukoo wa mtu aliyeketi mbele yake, maana hapo atakuwa ametukana jamaa nzima kwa kalamu moja.

Na asione kwamba huko ni kuasi mapokeo. Mjezuita Jerome Nadal, aliyekufa 1580, alitayarisha kwa shauri la Mtakatifu Inyasi kitabu cha sanamu 153 za Injili za mwaka mzima. Kilitoka Antwerp mwaka 1593, na ndugu wa Wierix walikuwa kati ya waliozichora katika shaba. Katika kila sanamu kuna herufi A, B, C, ili msomaji afuate tukio mahali baada ya mahali kwa maelezo yaliyo chini. Kitabu hicho kilifika China mapema, na wamisionari wa huko walikitumia katika mazungumzo na wasomi wa nchi. Karibu na mwaka 1620 padri João da Rocha alitoa kitabu cha Rozari kwa Kichina, chenye sanamu zilizotokana na za Nadal, zimechongwa katika ubao na mafundi wa huko. Bikira Maria anapokea habari ya malaika katika nyumba ya Kichina, yenye viti, mapazia na bustani ya Kichina. Mwaka 1637, katika jimbo la Fujian, padri Giulio Aleni alitoa maisha ya Bwana kwa njia hiyo hiyo. Yeye aliifuata karatasi ya Antwerp kwa karibu zaidi kuliko da Rocha, na herufi akazigeuza kuwa za Kichina. Lakini alipofika sanamu ya mwisho, ambamo Mama Maria anavishwa taji mbinguni na watu wa dunia wamepiga magoti chini, aliongeza watu ambao Antoon na ndugu zake hawakuwachora: Wachina, wenye kofia za maafisa wa nchi yao, katikati ya wengine.